Ukikata Kona Kyumbi, Lala Huko

Mjukuu wangu, kama unakwenda kumwona rafiki yako wa chuo, nenda ukalale. Kama huwezi kulala, usiende siku hiyo. Ngoja upate siku yenye usiku wake.

Najua ulivyopanga, maana vijana wote mnapanga hivyo hivyo. Likizo umeipata, gari umelipata, na unataka kuteremka Mombasa peke yako, usimame unapotaka, uimbe unavyotaka, asiwepo wa kukuuliza. Utamaliza shughuli zako Nairobi mchana, utapita Expressway ushukie Mlolongo, uvuke Athi River, na ukifika Kyumbi ukate kushoto uingie Machakos. Hapo utamwona yule mliyeshiriki naye chumba cha hosteli, yule ambaye pesa za mkopo wa HELB zikiingia kwake au kwako mlikuwa mnakula wawili. Mtacheka, mtakula nyama, mtapiga picha. Saa tatu usiku utarudi barabara kuu, na alfajiri uwe baharini.

Mpango huo nimeuona ukipangwa mara nyingi. Nimeona pia unakoishia. Ndiyo maana nakusihi kabla hujawasha gari: lala, mwanangu. Lala kwa rafiki yako.

Nyumba yangu iko upande wa Kyumbi, na usiku malori ya Mombasa nayasikia nikiwa kitandani. Ile barabara ya usiku si ile uliyoipita mchana. Kutoka Nairobi hadi Mombasa ni kilomita 480 na ushee, na sehemu kubwa ni njia mbili tu, wa kwenda na wa kurudi, bila kitu katikati. Mizigo ya bandarini, ya kwetu na ya Uganda, ya Rwanda, ya Sudan Kusini na ya Kongo, yote inapanda humo humo. Reli ya SGR ilipoanza mwaka 2017 tuliambiwa malori yatapungua. Labda yamepungua kwa wenye vitabu vya hesabu. Kitandani kwangu sijasikia tofauti.

Sikiliza jambo hili, maana hukufundishwa shule ya udereva. Lori likiharibika usiku, mara nyingi utingo hukata matawi ya miti akayatupa kwenye lami nyuma ya lori lake. Hiyo ndiyo alama. Ukiona matawi barabarani usidhani upepo umeyaangusha. Punguza mwendo papo hapo, maana mbele yako kuna chuma na mzigo vimesimama gizani, na huenda taa ya nyuma haiwaki hata moja. Wapo waliopita juu ya matawi hayo wakishangaa ni ya nini, na mshangao wao haukufika mbali.

Na si lori tu. Kuna punda aliyekatika kamba. Kuna mzee mwenye koti jeusi anayetoka kwa jirani, na yeye barabara anaihesabu kuwa yake. Kuna basi linalokuja na taa kali, na kwa nukta kadhaa huoni chochote, unakwenda kwa imani tu.

Giza halina leseni, mjukuu wangu. Usiliachie usukani.

Utaniambia wewe ni dereva mzuri. Sijakataa. Lakini hesabu wale wengine. Mwaka 2023 pekee watu zaidi ya 4,000 walikufa katika barabara za nchi hii, na sitaki kuamini kwamba wote walikuwa madereva wabaya. Unakumbuka Migaa, kule karibu na Salgaa? Usiku wa kuamkia tarehe 31 Desemba 2017 basi liligongana na lori, wakafa watu 36. Baada ya hapo mamlaka ya usalama barabarani, NTSA, ikazuia mabasi ya masafa marefu kusafiri usiku. Zuio hilo halikudumu, liliondolewa baada ya miezi michache. Lakini ona jambo moja: hata lilipokuwepo, lilihusu magari ya abiria. Mwenye gari lake hakuzuiwa na mtu. Serikali ilikuachia akili yako ikuzuie, na ukishapita saa tatu za usiku akili hiyo ndiyo ya kwanza kusinzia.

Hapa ndipo ninapoogopa zaidi, kwa sababu uko peke yako. Ndani ya matatu kuna makanga anayepiga kelele, kuna mama mwenye kuku, kuna mtu atakayemwambia dereva, "Kijana, unalala!" Ndani ya gari lako nani atakuona macho yakifumba? Muziki hausaidii, mwanangu. Dirisha wazi halisaidii. Mwili uliotoka kazini, ukala nyama, ukacheka saa nne mfululizo, unadai haki yake, na usipoupa kitandani utaichukua barabarani. Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa gari hula karibu mita 28 kwa nukta moja. Fumba macho nukta tatu tu, umeshapita zaidi ya mita 80 bila dereva.

Usingizi wa barabarani haupigi hodi.

Nikueleze habari ya kijana mmoja. Jina silisemi, maana mama yake yuko hai na magazeti anasoma. Alikuja kumwona mwenzake wa chuo huku kwetu, Jumamosi, jua likiwa bado liko juu. Walikula, walicheka. Saa nne usiku akasimama akatafuta funguo. Mwenzake akasema lala. Mke wa mwenzake akasema tumeshatandika. Yeye akasema kesho ana watu wanamngoja Voi. Wakamsindikiza hadi getini, wakapunga mkono.

Saa saba usiku simu ya yule mwenzake ikalia. Ilikuwa namba ya rafiki yake, akapokea akicheka, akidhani amefika. Aliyeongea alikuwa polisi. Namba ya mwisho kupigwa kwenye ile simu ilikuwa yake, basi polisi wakaanza naye. Ilikuwa huko mbele ya Salama, nyuma ya lori.

Sasa niambie, mjukuu wangu, nani aliyebeba mzigo huo? Aliyekufa alizikwa, tukamlilia, tukarudi makwetu. Aliyebaki ndiye aliyekwenda kuutambua mwili. Ndiye aliyempigia simu baba wa marehemu alfajiri. Na siku ya mazishi, mbele za watu, mama mtu alimshika koti akamuuliza swali moja tu: "Mbona hukumzuia?" Kijana yule hakuwa na jibu. Alikuwa amemzuia, lakini unamwambiaje mama aliyefiwa kwamba mwanawe alikataa? Akanyamaza. Miaka imepita na bado namwona ni mtu wa kunyamaza. Mgeni akija kwake siku hizi, funguo za gari huzificha yeye mwenyewe, na watu humcheka. Mimi simcheki.

Basi unapoaga usiku usidhani unayahatarisha maisha yako peke yako. Unamwachia mwenyeji wako kesi isiyo na hakimu. Mgeni anayeondoka gizani humnyima mwenyeji usingizi, afike asifike.

Nakuomba tena. Lala.

Na hata kama barabara ingekuwa nyeupe kama mchana usiku kucha, bado ningekuambia ulale, kwa sababu ya rafiki mwenyewe.

Sisi watu wa Machakos tunajua kupitwa. Waingereza walikuwa na kituo chao hapa miaka ya 1880, wakati Nairobi haijawa hata kambi. Kisha reli ikaja kutoka Mombasa, ikatuacha kando, ikakata nyanda za Athi, na mwaka 1899 ikafika kwenye kinamasi ambacho leo ni jiji. Serikali nayo ikaifuata reli. Tangu hapo kila mwenye haraka hutusoma kwenye kibao cha Kyumbi na kuendelea na safari. Sikulaumu kwa mambo ya reli. Lakini rafiki yako amekaa huku miaka yote hiyo tangu mlipohitimu, na kila Desemba unashuka Mombasa, unapita pale kwenye kibao, na unamtumia ujumbe ukiwa umeshafika Emali: "Nimepita kwenu, siku nyingine." Yeye anajibu kwa kicheko. Unafikiri anacheka?

Usidhani unamjua bado. Kwenye simu anakuambia yuko poa, maisha yanasonga. Huenda anafundisha shule ya jirani kwa mkataba wa bodi ya shule, BOM, analipwa wazazi wakilipa, na kila mwaka anangoja tume ya walimu, TSC, imwite. Huenda anakaa shambani kwa baba yake, msimu wa maembe dalali anakuja na bei yake mfukoni, naye anauza kwa sababu embe halingoji. Huenda HELB bado inamwandikia. Na huenda yuko vizuri kuliko wewe, ana ng'ombe wa maziwa na kisima, na wewe ndiye wa kuombewa. Huwezi kujua kwa saa moja.

Maneno ya kweli ni kama muthokoi, hayaivi kwa moto wa haraka. Saa ya kwanza mtasimuliana habari za mhadhiri aliyekuwa akichelewesha matokeo. Saa ya pili mtataja nani ameoa, nani yuko Qatar, nani amekuwa MCA na hapokei simu. Hayo yote ni kuosha sufuria tu. Wakishalala watoto, vyombo vikishaondolewa, mkiwa mmekaa nje na hakuna anayetazama saa, ndipo atakapokuambia kwamba alimzika baba yake mwezi wa tatu na hakukuarifu kwa kuwa ulikuwa hujapiga simu mwaka mzima. Au atakuuliza polepole, huku akiangalia kwingine, kama ofisini kwenu kuna kazi yoyote. Na wewe labda, kama una akili, utamwambia kinachokufanya uendeshe gari peke yako hadi baharini. Maana mimi babu yako sijakuuliza, lakini mtu hatoroki mji peke yake bila kitu kinachomfukuza.

Mtu wa kuambiwa jambo hilo ni yule aliyekuona ukilia kwa sababu ya mtihani. Hao ni wachache na hawaongezeki. Salamu ya simu haijazi sufuria, mjukuu wangu.

Nimeona mwisho wa urafiki wa kupitia tu. Siku moja kundi la WhatsApp linafunguliwa, jina lake ni la mwenzenu, na chini yake kuna namba ya M-Pesa. Kwanza ni mchango wa hospitali. Kundi halijafungwa, linageuzwa jina, linakuwa la mazishi. Unatuma shilingi zako, mweka hazina anaweka tiki mbele ya jina lako. Kisha unakata kona pale Kyumbi, hatimaye, umevaa suti, na nyumba uliyokuwa ukialikwa miaka yote unaijua siku hiyo kwa sababu ya hema lililosimama uani. Mama yake anakuuliza wewe ni nani. Unamwambia, "Mimi ndiye tuliyekuwa naye chumba kimoja." Naye anasema, "Kumbe ni wewe! Alikuwa akikutaja kila siku."

Usingoje kuambiwa hivyo, mwanangu. Nakuomba.

Sasa, ukiwa umekubali kulala, nisikilize mengine machache, halafu uende na baraka zangu.

Piga simu siku tatu kabla. Ukimshtukiza mtu utamfanya akimbie kukopa kuku kwa jirani mbele ya macho yako. Haraka ya mgeni ni deni la mwenyeji. Mwambie wazi: nakuja Ijumaa, naondoka Jumamosi, nakula mnachokula. Kama rafiki yako ana mume au ana mke, hakikisha huyo naye anajua unakuja na unalala. Nyumba nyingi zimekorogeka kwa mgeni mwema asiyetangazwa. Na kama nyumba ni ndogo, uliza kwa upole, uchukue chumba cha wageni mjini. Bado umelala Machakos, na hilo ndilo ninalolitaka.

Usifike mikono mitupu. Unga, sukari, majani ya chai, mafuta ya kupikia, mkate wa watoto. Usilete keki ya Nairobi yenye maandishi. Ukiingia, msalimie mama yake kwanza kabla ya yeye mwenyewe, na kaa kwenye kiti unachoonyeshwa. Simu iache mfukoni. Picha ya kochi lao lililochanika haiwahusu watu wako wa mtandaoni.

Uliza mapema wanakaa wapi hasa. Watu husema "Machakos" na kumbe ni ndani kabisa, Masii, Mwala, Kathiani, na kufika huko kuna mito ya mchanga ambayo mwezi wa tisa unaivuka na viatu. Ikinyesha vuli mito hiyo hiyo hujaa ghafla kwa mvua iliyonyesha vilimani usiyoiona wewe. Tarehe 4 Desemba 2021, kwa majirani zetu wa Kitui, basi lililobeba wanakwaya waliokuwa wakienda harusini lilijaribu kuvuka Mto Enziu, maji yakipita juu ya daraja. Watu walikuwa wamesimama kando wakitazama, wengine wakipiga picha za video. Zaidi ya 30 walikufa. Harusini walikuwa wakingojwa kuimba. Basi ukikuta maji juu ya daraja, geuza gari. Usimtazame wa mbele yako aliyevuka. Rudi mjini, mpigie rafiki yako, na kama ni lazima aje yeye kesho maji yakipungua. Hakuna ugali unaostahili kufuatwa ndani ya mto.

Pombe sitaizungumzia sana, kwa kuwa najua hutanisikia. Nitakuambia njia moja tu: ukishafika na mizigo ikishatolewa, mpe mama yake ufunguo wa gari. Usimpe rafiki, yeye atakurudishia ukimbembeleza. Mpe mama. Mkitaka kwenda mjini kula nyama, nendeni na boda moja ya mtu wanayemjua, mrudi naye. Polisi wa alkoblo akikusimamisha barabarani usimwone adui. Huyo amekukuta kabla ya lori.

Atataka kukupeleka Kyamwilu, kule Kituluni, ukaone gari likionekana kupanda mlima lenyewe likiwa gia haijaingizwa. Nenda, ni jambo la kuonekana, na vijana wa pale watakumwagia maji uyaone kama yanapanda. Lakini ile ni barabara ya watu, ina matatu na boda zinazokwenda kazini. Vijana husimamisha gari katikati, milango wazi, wote wameinama kutazama magurudumu, na nyuma yao kona. Asimame mmoja wenu nyuma kuonya wanaokuja. Mkishaona mara moja, imetosha.

Na asubuhi usiondoke kwa kunyata. Kunywa chai. Watakufungia ndengu, au maembe kama ni msimu wake, na utataka kukataa kwa sababu huko uendako kuna hoteli. Usikatae. Weka kwenye buti, ushukuru, uage mmoja mmoja, uchukue ufunguo wako kwa mama. Tazama upepo wa magurudumu na lile la akiba, jaza mafuta mjini, na usiingie Kyumbi kabla jua halijapanda vizuri.

Ukichoka njiani hata mchana, usione aibu kusimama. Pale Makindu kuna hekalu la Masingasinga la tangu 1926, waliokuwa wakijenga na kuendesha reli ndio waliolianzisha. Hulisha msafiri yeyote bila kumuuliza dini wala pesa, na pa kupumzika papo. Vua viatu, funika kichwa, kula, shukuru. Wamekuwa wakifanya hivyo kabla sijazaliwa mimi.

Ukitoka kwa rafiki yako saa mbili asubuhi, Mtito Andei utakuwa umefika kabla ya saa sita. Simama hapo, ule, unyooshe miguu, kisha unipigie. Nikiwa shambani simu atakuwa nayo nyanya yako, na yeye mwambie yote, mlikula nini, mlilala saa ngapi, na mama yake rafiki yako anaendeleaje.